Kanda ya Kutu

"Bado hujaitengeneza?"

Fundi hakuinua kichwa. Alikuwa ameibana redio ya mteja kati ya magoti, chuma cha kulehemu mkononi, na moshi mwembamba wa risasi ukimpanda puani. Sauti hiyo aliijua. Jumanne aliisikia akasema njoo Alhamisi. Alhamisi aliisikia akasema mkanda wa mashine umekatika, kuna mwingine nimeagiza, njoo Jumatatu. Leo ndiyo Jumatatu, saa tatu asubuhi, na safari hii mama wa watu alikuja na kigoda chake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nimekuuliza swali."

"Mashine bado inasumbua."

"Itengeneze, mimi nipo." Akakitua kigoda kati ya mlango na rundo la spika zilizochanika, akaketi, mkoba akaupakata kama mtu aliyepanda treni ya masafa marefu. "Nina miaka sabini na miwili. Haraka zangu zote nimeshazimaliza."

Mafundi wote wana kesho yao. Kesho ya fundi cherehani huweza kufika siku tatu, ya seremala huvuka mwezi, na mteja mwenye akili timamu huipokea kama anavyopokea mvua. Lakini kesho ya fundi huyu wa redio haikuwa ya uvivu wala ya kazi nyingi. Ile mashine ya kurekodia ilikuwa nzima kabisa. Tangu Jumanne ilikuwa chini ya meza imefunikwa gunia, na kila mguu wake ulipoigusa aliuvuta haraka. Mwanamume wa miaka arobaini na saba, mwenye ndevu za mvi, alikuwa anakiogopa kisanduku cha plastiki.

Shida ya mama ilikuwa moja tu, na aliieleza siku ile ya kwanza bila kuzunguka. Binti yake alikuwa amekufa miaka tisa iliyopita. Picha zake zilikuwapo ukutani, viatu vyake vilikuwapo chini ya kitanda. "Ila sauti imeniponyoka," alisema. "Mwezi uliopita nilitaka kumsikia akiniita, nikasikia sauti ya dada yangu. Nikajaribu tena, nikasikia ya jirani. Nimempigia simu yule mwenzenu mwokaji, ameniambia kanda unayo wewe. Nisikilizishe mara moja tu, baba. Sitakusumbua tena."

Kanda alikuwa nayo kweli. Ilikuwa kwenye kopo la biskuti, juu ya kabati, nyuma ya mafeni mabovu.

Ni kanda ya Kutu, na Kutu lilikuwa kundi la watu watatu ambalo wewe hujapata kulisikia, kwa sababu karibu hakuna aliyepata kulisikia. Fundi alipiga gitaa, akilipitisha kwenye ampli aliyoiokota katika ukumbi wa sinema uliofungwa na kuiharibu kwa makusudi mpaka ikaanza kunguruma vile alivyotaka. Mwokaji, ambaye kweli alioka mikate, alipiga mapipa mawili, ngoma moja ya shule na sinia la tanuri lililopinda. Na binti wa mama huyu, waliyemwita Nyuki, aliimba, kama kuimba ndilo neno lenyewe. Alianza kwa kunong'ona na kumaliza kwa ukelele uliowafanya watu waume meno yao. Maneno yake yalikuwa ya kawaida mno: orodha ya vitu vilivyopotea nyumbani, majina ya vituo vya basi, onyo lililoandikwa kwenye chupa ya sumu ya panya.

Walifanya mazoezi kila Jumapili mchana kwenye chumba cha chini cha ghala la magodoro. Magodoro humeza sauti, na mlinzi wa ghala alikuwa binamu wa Mwokaji. Hata hivyo, mara mbili majirani waliita fundi bomba, wakiamini kuna kitu kimepasuka ardhini. Fundi bomba wa pili alisikiliza nyimbo nne nzima, akakusanya vifaa vyake, akasema hili si bomba, hili ni la kuombewa.

Walidumu miaka kumi na moja. Walipiga saluni, walipiga gereji, walipiga kwenye bweni la wauguzi ambako waliombwa kwa adabu sana waache. Onyesho lao kubwa lilikuwa na watu arobaini na mmoja. Nyuki aliwahesabu kwa kidole kabla ya kuanza, na kumi na wawili kati yao walikuwa wamekimbia mvua tu. Siku moja akaja mtu wa redio, kijana mtanashati, akataka kuwarekodi. Nyuki akamwambia anayetaka kutusikia aje. Ndiyo ilikuwa sheria yao. Mlangoni waliweka ndoo, na kila mtu alitumbukiza simu yake humo kabla ya kuingia. Watu waliifuata sheria hiyo kwa moyo, na wapo waliokuja kwa sababu ya ndoo kuliko muziki.

Kwa hiyo haikuwapo nakala, haikuwapo video, hakikuwapo kitu. Ilikuwapo kaseti moja ya mazoezi, na hiyo nayo ilikuwa na ukaidi wake. Mashine ya kurekodia kaseti ina vichwa viwili: cha kwanza hufuta, kinachofuata huandika. Fundi alikuwa amekata waya wa kile cha kwanza. Kila Jumapili walirudisha kanda mwanzo na kurekodi juu ya Jumapili iliyopita, na kelele ya juzi ikabaki chini ya kelele ya leo, nyingine chini yake, nyingine chini yake tena. Wazo lilikuwa la Nyuki. "Tusimfute mtu," alisema siku ile waya ulipokatwa, na wote watatu wakaona ni jambo zuri, kwa kuwa walikuwa vijana na hakuna aliyekuwa amekufa.

Nyuki aliugua Jumatano, akafa Jumanne iliyofuata. Jumapili ya katikati ndiyo ya kwanza waliyokosa kwa miaka kumi na moja. Baada ya maziko Mwokaji alishuka ghalani mara moja, akaketi nyuma ya mapipa yake, akashindwa kuinua mikono. Mwezi haukuisha akahamia mji wa mkewe, na huko anaoka mikate mpaka leo.

Fundi hakuacha. Aliendelea kushuka peke yake kila Jumapili. Alisikiliza kanda mwanzo mpaka mwisho, akimsikia Nyuki mle ndani akinong'ona na kupasuka, na mara nyingi alilia bila kuficha kwa kuwa magodoro yalimeza hilo pia. Kisha alirudisha kanda, akabonyeza vitufe viwili vya kurekodia, akapiga gitaa juu yake. Kila alipofika mahali ambapo Nyuki aliimba, aliweka kiganja kwenye nyuzi akasubiri amalize. Hakutaka awe peke yake mle. Hiyo ndiyo sababu, na hakuwa na nyingine.

Sasa, jambo lenyewe ni hili. Mashine inapoandika, hata bila kile kichwa cha kufutia, hupunguza kidogo kilichokuwapo chini. Kidogo sana, kama sabuni inavyopungua. Fundi alilijua hilo. Amewahi kumfokea mteja kwa kosa hilohilo, akamwita mzembe mbele ya watu. Lakini mambo ya mteja ni ya mteja. Mwaka wa pili Nyuki alisikika kama yuko chumba cha pili. Mwaka wa nne alikuwa nyumba ya pili. Fundi akasingizia masikio yake, ambayo kweli yalikuwa yameharibika, yakilia mlio wa mbu mchana kutwa kwa sababu ya ile ampli. Mwaka wa nane, Jumapili moja ya mvua, alisikiliza kanda yote na kusikia mtu mmoja tu. Alijisikia mwenyewe akipiga, akinyamaza, akipiga, akinyamaza, kama anazungumza na kiti kitupu. Aliitoa kanda, akaifungia kwenye kopo, na ghalani hakurudi tena.

Tangu hapo kibanda chake kilikuwa hakimpi raha. Redio za wateja zilipokaa katikati ya stesheni, zikitoa ule mkwaruzo wao kama mchanga, alisikia kama mtu anavuta pumzi kutaka kusema. Alikuwa anazizima upesi. Wateja walidhani anabana umeme.

"Unaijaribu redio hiyo au unaikanda?" mama aliuliza kutoka kwenye kigoda.

Fundi alitazama mikono yake. Risasi ilikuwa imeshapoa zamani. Akaweka chuma chini, akajifuta vidole kwenye suruali, na maneno yakamtoka kabla hajayapanga.

"Mama, mashine ni nzima."

"Najua."

"Unajua?"

"Humu ndani umefungua kila kitu. Hata pasi yako mwenyewe umeifungua. Kitu pekee ambacho hujakifungua ni hicho unachoniambia kibovu." Hakuwa na hasira. "Sema, baba. Kanda umeipoteza?"

"Kanda ipo. Yeye ndiye hayupo." Alitazama lile kopo juu ya kabati. "Nimemfuta."

Nje, mtu alikuwa anaburuta geti la duka lake juu, na mlio wake ukapita kibandani ukaisha.

"Makusudi?"

"Nilikuwa nampigia gitaa." Alimweleza yote, waya uliokatwa, vitufe viwili, kiganja kwenye nyuzi. Alieleza vibaya, akirukaruka, huku akimtazama mama viatu. "Nilidhani tuko pamoja. Kumbe kila nikienda namsugua. Nilijua, Mama. Mimi ni fundi. Nilijua."

"Miaka mingapi?"

"Minane."

Mama aliufungua mkoba wake, akaufunga bila kutoa kitu.

"Mimi nilimwambia anyamaze miaka kumi na moja," alisema mwisho. "Alikuwa anafanya mazoezi chumbani kwake, nagonga ukuta kwa mwiko. Siku moja nilikuja mpaka kwenye geti la lile ghala. Nikasikia kwa chini kama nyumba inabomolewa, nikageuza. Nikamwambia jioni nilikuwa na wageni." Alivuta pumzi. "Basi tusishindane mimi na wewe. Weka kanda."

"Hamna kitu humo."

"Weka nisikie hicho hamna kitu."

Fundi alipanda kwenye stuli, akasogeza mafeni, akashusha kopo. Alifunua gunia. Alichovya pamba kwenye spiriti akasafisha kichwa cha mashine, taratibu kuliko ilivyohitajika, kisha akamwonya kwamba kanda imezeeka, inapukutika, kila ikichezwa inaacha unga, na hajui itavumilia mara ngapi. Mama aliitikia kwa kichwa kama anayesomewa masharti ambayo ameshaamua kuyakubali. Kitufe kikabonyezwa.

Gitaa likaja. Kupitia ile spika ndogo lilikuwa zito na chafu, tabaka juu ya tabaka, Jumapili mia nne za mtu mmoja zikisukumana mlangoni. Kisha likakatika ghafla, ukabaki mchanga.

"Huyu ni wewe," mama alisema.

"Ni mimi."

"Na hapa?"

"Hapa ndipo alipokuwa anaimba. Nimemwachia nafasi."

Uso wa mama ulishuka, na Fundi alitamani ardhi impasukie. Gitaa likarudi. Likanyamaza. Likarudi. Ilikuwa ni adabu kubwa sana, adabu ya kumpisha mtu mlangoni wakati umeshamsukuma nje. Alinyoosha mkono azime.

"Acha," mama alisema. "Huna vile vya kuvaa masikioni?"

Alikuwa na hedfoni za zamani, kubwa, sponji zimetoboka. Alimpa. Mama hakuzivaa kama watu wanavyovaa. Alifunika sikio la kushoto, upande wa kulia akausukuma nyuma ya sikio, akaunyoosha waya kifuani kwa kidole kimoja ili usimkere. Vyote alivifanya bila kutazama, kwa haraka ya mtu anayefunga kitambaa chake mwenyewe.

"Umezizoea," Fundi alisema.

"Miaka thelathini na mmoja kwenye ubao wa simu. Simu za mbali, kabla hamjapata hizi za mfukoni. Laini zenyewe zilikuwa hivihivi, mchanga mtupu. Huyu kule analia, mwenzake huku hasikii hata neno, mimi niko katikati namrudishia."

"Nyuki hakuwahi kusema."

"Angesemaje? Alikuwa hataki hata kuisikia ile kazi. Alisema nilimpa kila mtu sikio langu isipokuwa yeye." Alilirekebisha lile sikio la kushoto. "Rudisha mwanzo."

Fundi alirudisha. Kanda ilipoanza tena kuzunguka, kibandani hakukuwa na sauti yoyote ila ule mbu ndani ya kichwa chake. Aliutazama mshale wa mita. Ulipanda na gitaa lake, ukalala kwenye nafasi ya kwanza. Ukapanda, ukalala kwenye nafasi ya pili. Mama alikuwa ameketi wima, kidevu kimeinama kidogo, akikaza macho kwenye meza bila kuiona.

Kwenye nafasi ya tatu aliinua kidole.

"Kuna mtu."

"Ni mlio wa kanda, Mama."

"Mwanangu, mlio naujua na mtu namjua." Akafumba macho. "Yuko mbali. Yuko mbali sana huyu. Nyamaza."

Fundi alipiga magoti kando ya kigoda, akaweka sikio lake nyuma ya hedfoni kwa nje, karibu kugusa shavu la mama. Alisikia mbu. Alibadilisha sikio, akasikia mbu wa pili. Miaka yote aliyosimama mbele ya ile ampli, kichwa ameinamisha kwa raha, ilikuwa imekuja kumdai hapa, sentimita mbili kutoka kwa kitu alichokitaka kuliko vyote.

"Anasema nini?" alinong'ona.

Mama alipozungumza, sauti yake haikuwa yake. Haikuwa ya mtu yeyote. Ilikuwa tambarare, safi, isiyo na huzuni wala furaha, sauti ya mtu anayebeba maneno ya wengine bila kuyaonja.

"'Kikombe cha bluu,'" alisema. "'Ufunguo wa stoo. Soksi moja. Mkasi. Mkasi tena.'"

Nywele za mikono ya Fundi zilisimama. Lakini fundi ni fundi, na alirudi kwenye akili zake. Wimbo huo Nyuki aliufanyia mazoezi nyumbani. Mama aliusikia kupitia ukutani miaka na miaka, akiupigia mwiko. Nani asingeukariri? Mtu anayetaka sana kusikia atasikia. Yeye mwenyewe alikuwa anaisikia pumzi kwenye redio za wateja. Aliamua hatambishia. Kama mama amempata binti yake mle, basi na ampate, na yeye atabaki na lake.

Gitaa likaingia, likamaliza wimbo kwa ile ngurumo ndefu, likakata. Kutoka hapo hadi wimbo uliofuata kulikuwa na kimya kirefu kidogo, kwa sababu hapo ndipo walipokuwa wakinywa maji. Fundi hakuwa na sababu ya kukitegea kimya hicho. Hakukuwa na wimbo humo.

"Anacheka," mama alisema.

Mshale wa mita ulikuwa umelala. Alikuwa na hakika umelala. Kisha hakuwa na hakika.

"Anasema, 'Panzi, umeingia mapema tena.'" Mama alikunja uso, akakandamiza hedfoni kwa vidole viwili. "'Kila siku unaingia mapema. Unanikimbilia nini, Panzi? Mimi si nipo?'"

Fundi alishika mguu wa meza.

Jina hilo halikuwahi kupanda ngazi za lile ghala. Mwokaji hakulijua. Nyuki alilitumia huko chini tu, Mwokaji akiwa ametoka kuvuta sigara, na alilisema taratibu, mdomo karibu na shingo yake, kati ya wimbo na wimbo. Tangu afe hakuna binadamu aliyemwita hivyo, na yeye hakumtajia yeyote, si mwenzake, si daktari wa masikio, si mtu. Aligundua analia, kwa sauti, mchana kweupe, mlango wa kibanda ukiwa wazi na watu wakipita.

"Mama," alisema. "Mwambie."

Alitaka kusema mengi kwa pamoja. Kwamba alikuwa hajui kukaa bila yeye. Kwamba bado anaingia mapema. Kwamba asimame pale alipo, asisogee tena, hatamgusa tena.

"Mwambie kwamba mimi..."

Mama hakufumbua macho. Aliinua kiganja na kukiweka hewani mbele ya uso wake, kwa upole na kwa amri, kama alivyowazuia maelfu ya watu kabla yake.

"Subiri kidogo, bwana," alisema kwa ile sauti ya kazini. "Bado anaongea."